Seva ya barua pepe ya ofisi: ukiondoka, nani anabaki nayo?

Najua nimepotea tangu semista ianze, lakini si mnajua mambo ya mwaka wa tatu: msuli mchana, msuli usiku, ukizembea kidogo ni sapu na ukizembea sana ni disko. Leo tumemaliza tesiti, nimepata kimbweta chenye kivuli na laptopu ina chaji, basi ngoja niandike ile habari ambayo washkaji kadhaa wamekuwa wakiniuliza. Ilikuwaje nikaenda PT nikaishia kuchagua programu ya seva ya barua pepe ya kampuni nzima, na nikachagua ipi?

Wale wa fani nyingine msikimbie. Hakuna mistari ya programu hapa, na mwishowe utaona habari yenyewe ni ya watu kuliko mashine.

Kampuni niliyopangiwa ni mawakala wa forodha, pande za Kurasini, wafanyakazi kama 35 hivi. Kazi yao kutoa mizigo bandarini. Hati ya shehena, ankara, orodha ya mzigo, taarifa ya meli kufika, karibu vyote vinapita kwenye barua pepe. Sasa barua ikichelewa siku mbili, kontena linakaa. Kontena likikaa kupita siku za bure, storeji inaanza kuhesabiwa, na mteja hataki kusikia habari za mtandao, anataka kujua nani analipa. Kwa hiyo pale barua pepe ni pesa.

Tatizo lao lilikuwa hivi. Walikuwa wamekodi huduma kwa mtu wa nje, jina tuliache, ambaye alikuwa anatumia anwani moja ya IP kwa wateja wake wote. Mteja mmoja akituma takataka, wote mnafungiwa. Barua za ofisi zikawa zinaangukia kwenye spamu za wateja, nyingine zinarudi, nyingine hata hazijulikani zilikoishia. Halafu likatokea la kuchekesha na kutisha kwa pamoja. Mama wa uhasibu alipata barua kutoka kwa Mzee mwenye kampuni, jina lake kamili, anwani yake ileile, inamwambia alipe haraka ankara fulani kwenye akaunti mpya. Bahati nzuri Mzee alikuwa kakaa mbele yake anakunywa chai ya tangawizi! Angekuwa safarini je?

Ndipo Mzee akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwanangu, nyie ndio mnasoma haya mambo. Nataka barua zangu zikae kwangu. Nitafutie programu, niambie ninunue nini."

Nilimjibu kwanza kwa ukweli, kwamba kwa watu 35 kukodi kwa makampuni makubwa ya nje ni njia inayoeleweka kabisa, unalipia kila mtu kwa mwezi na usingizi unalala. Akanisikiliza, akapiga hesabu ya dola mara 35 mara miezi 12, akatikisa kichwa. Sababu yake ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kwenye barua zile kuna pasipoti za watu, namba za TIN, mikataba. Alitaka kujua viko kwenye mashine gani na nani ana ufunguo. Kweli kabisa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ukishika taarifa za watu unawajibika nazo. Ila nikamwambia na upande wa pili wa shilingi: mzee, zikikaa kwako, zikivuja pia ni kwako. Akasema sawa, tuendelee.

Sasa kabla hujachagua lazima ujue unachagua nini. Watu wanasema "seva ya barua pepe" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni kama ofisi yenye watu wanne. Kuna tarishi, anayepokea barua kutoka nje na kuzipeleka nje. Kuna mtunza masanduku, anayezihifadhi na kukupa ukizitaka kwenye simu au kompyuta. Kuna mlinzi wa getini, anayenusa spamu na virusi. Halafu kuna dirisha, yaani ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari. Tarishi anaongea lugha iitwayo SMTP, ambayo Jon Postel aliiandikia kanuni zake mwaka 1982, na mpaka leo ndiyo hiyohiyo iliyoongezewa viraka. Mwaka 1982 hakuna aliyefikiria kwamba mtu atajiita Mzee wakati si Mzee, ndiyo maana ule ulaghai wa uhasibu ni rahisi hivyo.

Matarishi wako wengi. Mkongwe ni Sendmail, ya Eric Allman wa Berkeley. Ilitawala miaka mingi, lakini mipangilio yake migumu, na mwaka 1988 yule mdudu maarufu wa Morris alipita humo kama mojawapo ya njia zake. Exim ilianzishwa na Philip Hazel pale Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995. Postfix aliileta Wietse Venema mwaka 1998 akiwa IBM, makusudi kabisa iwe salama kuliko Sendmail: kazi imegawanywa kwa vijiprogramu vidogovidogo visivyoaminiana, kimoja kikiingiliwa kingine hakifuati kirahisi. Upande wa masanduku kuna Dovecot ya Timo Sirainen wa Finland, iliyoanza kutoka mwaka 2002. Postfix na Dovecot pamoja, hawa ni kama wali na maharage, ukitafuta maelezo popote utawakuta.

Halafu kuna vifurushi, ambavyo wote wanne wamefungwa pamoja tayari. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini, maana mtu anaona kurasa nzuri anasahau kuuliza umri.

Exchange ya Microsoft kila mtu anaifahamu, na kuna aliyemshauri Mzee ainunue. Lakini Exchange 2016 na 2019 zote zilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na inayoendelea inauzwa kwa mfumo wa kulipia usajili. Yaani unarudi kwenye hesabu ileile aliyoikimbia. Na mnakumbuka Machi 2021? Seva za Exchange kwa maelfu duniani ziliingiliwa kupitia matundu ambayo Microsoft iliyatolea viraka tarehe 2 mwezi huo. Waliochelewa kuweka viraka waliumia.

Zimbra nayo ofisi nyingi zimeitumia kwa sababu lilikuwepo toleo la bure lililo tayari kusakinishwa. Ila kuanzia toleo la 9, mwaka 2020, kampuni iliacha kutoa vifurushi tayari vya toleo hilo la bure, na lile la 8.8.15 likafika mwisho wake Desemba 2023. Ukikuta ofisi bado inaendesha 8.8.15 huku inajisifu "sisi tunatumia ya bure," waombee.

Hata Exim, ambayo ni kazi nzuri, ina funzo lake. Juni 2019 ilitangazwa kasoro kubwa. Toleo lenye marekebisho lilikuwa limeshatoka tangu Februari. Lakini Mei 2020 shirika la usalama la Marekani, NSA, likatoa onyo kwamba wadukuzi wa jeshi la Urusi walikuwa wanaitumia kasoro hiyohiyo tangu angalau Agosti 2019. Angalieni tarehe vizuri jamani. Dawa ipo, mgonjwa hajanywa.

Nilipofika hapo ndipo swali likabadilika kichwani. Kila programu itatobolewa siku moja, hilo halina ubishi. Kinachotofautisha ofisi na ofisi ni kwamba siku kiraka kinapotoka, kuna mtu anayejua kukiweka, na haogopi kukiweka? Mimi nina wiki 8 tu. Baada ya hapo narudi Mlimani kugombania kiti maktaba. Kila ofisi Bongo ina mashine moja chini ya meza ambayo hakuna anayethubutu kuizima, ukiuliza unaambiwa "aliiweka kijana mmoja alikuwa field hapa." Kijana mwenyewe alishahitimu, namba yake haipatikani.

Anayebaki pale ni dada mmoja wa nyaraka. Hakusomea kompyuta, ila ndiye anayeitwa printa ikigoma, ndiye anayejua paswedi ya ruta, na ana tabia moja nzuri sana: anaandika kila kitu kwenye daftari. Nikamwambia, "Dada, hii programu tutaichagua mimi na wewe." Akacheka, "Mdogo wangu, mimi najua kutoa karatasi iliyokwama tu." Nikamwambia inatosha.

Tukachukua kompyuta mbili zilizokuwa stoo. Kwenye ya kwanza nikaweka Debian na Postfix, Dovecot na Rspamd, kila kitu kwa mkono. Niseme wazi, moyo wangu ulikuwa hapa, maana ni nyepesi, unaelewa kila kona, na viraka vyote vinakuja kwa njia moja ya Debian. Kwenye ya pili nikaweka mailcow, kifurushi cha bure kutoka Ujerumani kinachoendeshwa ndani ya Docker. Uzuri wake ni kwamba ukiifungua tumboni unawakuta Postfix, Dovecot na Rspamd walewale. Nguo mpya, mwili uleule. Ubaya wake ni mlaji. Wenyewe wanataka RAM isiyopungua GB 6, wakati ile ya mkono ilikuwa inaishi raha mustarehe kwa GB 2.

Kisha nikaandika kazi tano, nikakaa pembeni, mikono mfukoni. Ya kwanza, mfungulie akaunti mfanyakazi mpya. Ya pili, mtu kasahau paswedi, mbadilishie. Ya tatu, mteja anasema hajapata barua, tafuta iko wapi. Ya nne, chukulia seva imeungua, irudishe kutoka kwenye bakapu kwenye kompyuta nyingine. Ya tano, weka viraka, halafu hakikisha barua bado zinaingia na kutoka.

Ile ya mkono, kwa karatasi yangu ya maelekezo, kazi ya kwanza ilimchukua nusu saa, maana ukikosea alama moja tu mfumo unakataa. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu alinishangaza! Nilimwonyesha kwamba kwenye logi ya Postfix kila barua ina namba yake, na mwisho wa mstari kuna neno status. Ikiwa sent imepokelewa na seva ya upande wa pili, deferred imekwama na itajaribiwa tena, bounced imekataliwa. Akasema, "Kumbe ni kama kufuatilia kontena." Kuanzia hapo alikuwa anasoma logi kama anasoma orodha ya mizigo. Ya tano pia aliifanya vizuri. Ila ya nne alikwama. Mipangilio iko huku, hifadhidata kule, funguo pengine, barua zenyewe pengine. Karatasi yangu ilipoishia na yeye akaishia hapohapo.

Mailcow, kazi ya kwanza na ya pili dakika chache kila moja, kwenye kivinjari. Ya tatu logi zinaonekana kwenye ukurasa wake, na maneno ni yaleyale, maana tarishi ni yuleyule. Ya nne kuna skripti yake ya kuhifadhi na kurudisha, inakuuliza maswali, unajibu. Tuliirudisha seva nzima mchana mmoja, na barua zikafunguka. Ya tano kuna skripti ya kusasisha, inashusha mzigo mkubwa kwa hiyo intaneti ikiwa ya kusuasua utasubiri, lakini inaeleweka.

Basi nikampelekea Mzee jibu: mailcow, na hela ya programu ni sifuri, ila atahitaji mashine yenye RAM ya kutosha na mtu mwenye muda uliotengwa. Hilo la muda nililiandika kwa herufi kubwa. Saa mbili kila wiki za dada wa nyaraka ziwe za seva, na zihesabiwe kama kazi. Mzee alisita hapo kuliko alivyosita kwenye bei ya mashine! Mwishowe akakubali.

Kuna jambo moja nataka mlielewe, nyie mnaokwenda PT mwaka huu. Programu ikishachaguliwa, nusu ya safari bado. Unaweza kuwa na seva safi kabisa na bado barua zako zikatupwa, kwa sababu dunia haikuamini. Anwani ya IP iwe ya kudumu na isiwe kwenye orodha nyeusi kama za Spamhaus. Jina la kinyume, yaani IP ikiulizwa "wewe nani" itaje jina la seva yako, na hilo hulipangi wewe bali mwenye IP. Halafu yale matatu kwenye DNS. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM inaweka sahihi kwenye kila barua, na DMARC inawaambia wapokeaji wafanye nini na barua iliyofeli. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM pamoja na hilo jina la kinyume, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima awe na DMARC pia. Sisi hatufikii hata robo ya hapo, lakini tuliweka yote matatu kwa sababu ya mama wa uhasibu. Tulianza na DMARC ya kutazama tu, wiki kadhaa, tukahakikisha hatujizuii wenyewe, kisha tukaibana ikatae. Mtu akijifanya Mzee kwa anwani ya Mzee, barua inaishia getini. Akitumia anwani inayofanana kwa herufi moja tofauti, DMARC haisaidii, hapo ni macho na simu. Kwa hiyo uhasibu wana sheria mpya: akaunti ikibadilika, piga simu kwanza.

Lingine ni wapi pa kuiweka. Mzee alitaka mashine ofisini aione. Mimi nikamwuliza, umeme ukikatika Ijumaa jioni nani anakuja kuwasha jenereta? Tukakubaliana seva ikae kwenye kituo cha data hapahapa Dar, na kila usiku bakapu ishuke kwenye mashine ya ofisini, ambayo Mzee anaweza kuigusa akitaka. Kwa nini Dar na siyo Ulaya, ambako ni bei poa? Kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ikawa miongoni mwa waliokwama. Siku kama hiyo, seva iliyoko mjini bado inabeba barua za ofisi kwa ofisi. Na za kutoka nje hazipotei kirahisi, maana tarishi wa upande wa pili akikukosa anajaribu tena na tena. Postfix kwa kawaida hujaribu kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Kwa hiyo hitilafu ya saa chache si msiba, msiba ni kupoteza diski bila bakapu.

Na kuhusu bakapu, mailcow inahifadhi barua zikiwa zimefungwa kwa ufunguo. Ukinakili barua ukaacha ufunguo, una gunia la herufi zisizosomeka. Skripti yake inajua kuchukua vyote ukiiambia ichukue vyote, ila mtu anayenakili folda kwa mkono anaweza asijue. Dada alilichora hilo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, akaweka na alama ya ufunguo.

Wiki mbili za mwisho sikuigusa seva kabisa. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, yeye anaendesha. Mara ya kwanza alipoanza kusasisha mkono ulikuwa unatetemeka, akanitazama, nikatazama dirishani. Mara ya pili hakunitazama.

Kwa hiyo washkaji, mkiniuliza programu ipi ni bora, nitawauliza nani anabaki. Kama ofisi ina fundi wa kweli anayependa kujua kila kona, mpeni Postfix na Dovecot kwa mkono, hamtajuta. Kama hakuna mtu kabisa wa kutenga hata hizo saa mbili, wakodi tu, wala siyo aibu. Katikati ya hao wawili kuna ofisi nyingi kama ile ya Kurasini, na huko mchague kwa kumkalisha mtu wenu mbele ya mashine na kumtazama, siyo kwa kusoma orodha za sifa.

Juzi kati dada alinitumia ujumbe. Nikajua limeharibika, nikaufungua kwa wasiwasi. Kumbe anasema Jumamosi kaweka viraka, kajaribu kurudisha bakapu kwenye ile kompyuta ya stoo kama tulivyokubaliana, imerudi, na amemfundisha na kijana wa mapokezi, maana Desemba anakwenda likizo ya uzazi. Hakuuliza swali hata moja.

Haya, chaji inaisha na mbu wa vimbweta wameshaanza zamu yao. Kesho asubuhi nina semina na sijasoma hata ukurasa. Tutaonana kafeteria, anayekwenda PT bandarini anitafute nimpe nakala ya zile kazi tano. Wasalaam!